Kwa Baba, Aliyenipa Maneno ya Fuwele

Mpendwa Baba,

Shikamoo. Najua safari hii haitajibiwa, lakini ulinilea na salamu, na nikianza barua bila hiyo nitahisi kama nimeingia ndani bila kupiga hodi.

Hivi karibuni nimeombwa niandike dibaji. Kile kijitabu chetu cha maneno kimekamilika, Baba, kile cha maneno ya Kiswahili ya utafiti wa maada za kwanta. Kabla hakijakwenda kwa mchapaji wanataka kurasa chache za mwanzo, zinazoeleza maneno yalitoka wapi na nani anastahili shukrani. Nimekaa na kazi hiyo siku nne. Kila nikiandika "namshukuru marehemu baba yangu" mkono unakataa. Si kwamba hustahili, maana karibu nusu ya maneno yaliyomo ni yako. Ila kuna jambo uliondoka bila kulijua, jambo nililokuficha mimi mwenyewe, na siwezi kuliacha jina lako lichapishwe mbele ya watu kabla sijakwambia. Kwa hiyo dibaji nimeiweka kando. Nakuandikia wewe, na mwenye kutaka kusoma na asome.

Nitaanza mbali kidogo. Unanijua, sijawahi kuingia kwenye jambo gumu moja kwa moja.

Nikikukumbuka, kwanza huikumbuka miguu yako. Kila Jumatatu ulitoka kijijini kwetu Adu kwa baiskeli ukashuka pwani kwenye majaruba ya chumvi, yale mabwawa mapana ambayo maji yake hayafiki hata kwenye kifundo cha mguu, ukarudi Jumamosi na nyayo zilizopasuka. Mama alizipaka mafuta ya nazi, nawe ukauma meno na kujitia kucheka. Macho yako yalikuwa mekundu daima kwa mng'ao wa jua juu ya ule weupe. Watoto wenzangu walidhani unakunywa tembo, nami niliona haya kuwaambia kwamba ni kazi tu.

Likizo moja, nikiwa darasa la tano, ulinichukua nikakae nawe kule wiki nzima. Mlikuwa na mwiko mmoja wa kazi, na ulinieleza mwiko huo hata kabla hujanionyesha mahali pa kulala: chumvi ikianza kushika, hakuna anayeingia jarubani mpaka siku ya kuikusanya kwa reki. Si msimamizi, si mwenye mali. Ukaniketisha juu ya tuta ukaenda kutazama pampu. Mbele yangu jaruba lilikuwa limeanza kuvaa utando mweupe, mwembamba, na mimi nilitaka kuona unavyokua. Nilivua ndara nikaingia. Hatua tatu tu. Utando ulivunjika, tope likapanda, na kona nzima ikageuka rangi ya chai ya maziwa.

Ulirudi ukanikuta nimesimama katikati ya uharibifu wangu, nimekufa ganzi, nasubiri kofi. Hukunipiga. Ulichuchumaa kwenye tuta ukaniuliza nilitaka kuona nini. Nikasema nilitaka kuona inavyokua.

"Ukiingia kuitazama ikikua, haikui tena," ukasema. "Sasa umeona tope tu."

Kisha ulinishika mkono ukanipeleka kwenye jaruba la pili, ukalala kifudifudi juu ya tuta na kuniambia nilale vivyo hivyo, uso karibu na maji, nisiyapulizie pumzi. Tulilala pale sote wawili, mtu mzima na mtoto, matumbo yetu kwenye udongo wa moto. Nikaviona. Vijisanduku vidogo vya chumvi vikielea juu ya maji, kila kimoja na pembe nne zilizonyooka kana kwamba seremala alivipima. Wenzako walitupita na matoroli yao wakakutania kwamba umeleta ng'ombe jarubani. Ulicheka nao, na jua lilipopungua makali ukaanza kuisafisha ile kona. Ilikuchukua siku mbili juu ya kazi yako ya kawaida, na hukunikumbusha jambo hilo hata mara moja.

Basi miaka ikapita nikaenda Nairobi kusoma, nikabaki huko kwa kazi. Kazi yenyewe nilishindwa kukueleza. Uliniuliza nafanya nini, nikajibu kwamba nachunguza vitu vidogo sana. Ukauliza, "Wadudu?" Nikasema hapana, vidogo zaidi. Basi Mama akawatangazia watu kanisani kwamba mwanawe anatafuta dawa. Sikumsahihisha. Ilikuwa rahisi kuwa mtafuta dawa kuliko kusimama uani Adu na kusema kwamba nayeyusha poda kwenye tanuri, naiacha ipoe polepole mpaka ishike fuwele, kisha naipeleka kwenye baridi kali nione elektroni zinapita vipi ndani yake. Kwa Kiingereza ningesema hayo nikiwa nusu usingizini. Kwa Kiswahili nilikuwa bubu. Na nyumbani kwetu, kuanzia salamu na habari za mvua, kila jambo lilisemwa kwa Kiswahili au kwa Kigiriama.

Ndiyo sababu nilikubali mara moja chuo kimoja cha Kilifi kiliponiomba nisaidie kutunga orodha ya maneno. Wanafunzi wao walitoka Ganze, Vitengeni, Magarini, watoto kama nilivyokuwa mimi. Walifaulu mitihani vizuri, lakini mama zao wakiwauliza wamesoma nini, waliwatazama kama wageni. Nilijua ugonjwa huo. Nikaketi Nairobi na kamusi tatu, nikapika maneno ya kutisha, na Jumapili moja baada ya ibada nikakupigia simu nijaribu kuyasema mbele ya mtu.

Nilianza na maji yaliyobeba chumvi nyingi mpaka hayawezi kubeba zaidi. Kwenye daftari nilikuwa nimeandika "myeyusho ulioshiba." Ukaniambia nirudie. Nikarudia. Ukasema, "Mayo, hayo ni maji yaliyokolea." Uliniita hivyo tangu kuzaliwa kwangu, mayo, yaani mama, kwa kuwa nilipewa jina la mama yako kama desturi yetu inavyotaka kwa binti wa kwanza, nami sijawahi kuzoea kukosolewa na mtu anayeniita mama yake. Nikafuta. Nikauliza, na ile punje ndogo ya kwanza ambayo nyingine huikusanyikia? Ukasema ni mbegu, na kwamba jaruba likikataa kushika ninyi humwaga konzi la chumvi ya zamani likakubali. Mbegu ikaingia daftarini. Nikakueleza kwamba ndani ya fuwele atomi hupangika pembe kwa pembe, mpangilio ule ule ukijirudia bila kuchoka.

"Kumbe chumvi ni kijisanduku kwa sababu ndani mna vijisanduku," ukasema.

Nilikaa kitako. Nilipita chuo kikuu kizima, Baba, na hakuna aliyenieleza vizuri hivyo.

Tangu siku hiyo Jumapili zikawa zetu. Nakumbuka tuligombana juu ya spini, neno la Kiingereza lenye maana ya kuzunguka. Nilikwambia elektroni ina tabia inayofanana na kuzunguka, ingawa haizunguki. Ukauliza, kama haizunguki, mbona mwaiita hivyo? Nikasema Wazungu ndio walioiita. "Basi na wakosee peke yao," ukasema, ukakataa katakata kutafuta neno lingine, na kwenye kijitabu limebaki spini. Nikakueleza kwamba elektroni ndani ya fuwele haiko hapa wala pale, imeenea mahali pote, mpaka utakapoipima. Hilo hata wanafunzi wangu bora huwakwaza. Wewe ulisema ni sawa na chumvi majini, huioni, lakini popote utakapoonja ipo. Nikakwambia si sawa kabisa, kwa sababu elektroni ukiionja inakutwa mahali pamoja tu, pengine pote inatoweka. Kisha ukasema kwa sauti ya mtu aliyekumbuka jambo, "Kama ulivyoingia jarubani." Sikujua kwamba bado unaikumbuka siku ile. Katika kijitabu, chini ya neno "kipimo," maelezo yanaanza na mtu anayekanyaga jaruba.

Halafu kuna ile siku ya Bofa, kule Kilifi. Jopo la lugha la kupitisha maneno yetu lilikutana katika ukumbi wa hoteli pale, na mimi, kwa ujasiri ambao hata sasa sijui niliutoa wapi, niliwaambia kwamba ninaye mtaalamu na ningependa aje. Katana, ndugu yangu, alikuleta tangu alfajiri. Ulivaa viatu vya harusi ya Katana na koti ambalo lilikuwa limekuwa kubwa kwako. Nililiona hilo, nikajitia hamnazo. Waliokuwa mezani walikuwa watu wenye heshima zao, maprofesa wawili na mwalimu mstaafu wa mji wa kale wa Malindi mwenye Kiswahili kilichonyooka kama kanzu ya Ijumaa. Walipofika kwenye neno la kushika walisita, wakasema ni neno la mitaani, afadhali "kufuwelika." Hukubishana. Ulitoa mfuko wa chumvi kwenye koti ukaimwaga juu ya kile kitambaa cheupe cha meza ya hoteli. Ukazitenga punje kwa kidole, kubwa upande huu, vumbi upande ule. Ukaeleza kwamba zote ni maji ya bahari moja, ila hizi zilikaushwa pole na zile ziliharakishwa. Zilizoachiwa muda zilipata nafasi ya kushika. Maprofesa walivaa miwani wakainama. Mwalimu mstaafu alichukua punje moja, akaigeuzageuza kwenye mwanga wa dirisha, akasema, "Mzee, hili neno tutaliandika kama ulivyolitamka."

Kidole chako kilikuwa kikitetemeka siku hiyo. Nilikiona hicho pia.

Hapa ndipo ninapotaka kukimbia, lakini nimefika.

Figo zako zilikuwa zimekwisha kuchoka. Walikulaza hospitali Malindi, wakakurudisha nyumbani, wakakulaza tena. Nilikuja mara moja tu, Ijumaa hadi Jumapili. Asubuhi ya Jumamosi nilimwona Katana akikubeba kukupeleka msalani. Uligeuza uso ukutani ili macho yetu yasikutane, nami nikageuza wangu kwenye sufuria ya uji, nikaukoroga mpaka ukashikana na chini. Nikarudi Nairobi. Wiki mbili baadaye Katana akapiga simu. Hakuzunguka. Alisema, "Dada, uje. Safari hii si kama zile." Nikamwambia nimewasha tanuri siku tatu zilizopita, kwamba ni fuwele tuliyoingoja mwaka mzima, kwamba nitaona nitakavyofanya. Nilisikia ukiomba simu. Sauti yako ilikuwa imebaki nusu.

"Umeshawasha moto?"

"Nimewasha, Baba."

"Itashika lini?"

"Baada ya wiki tatu."

"Basi usitoke hapo," ukasema. "Jaruba haliachwi likianza kushika. Mimi nipo."

Nami nikasema, "Haya, Baba."

Nimelirudia jibu hilo mara nyingi kuliko neno lolote lililomo katika kijitabu. Nilijua ulichokuwa ukifikiri. Katika kazi yako mlinzi wa jaruba halali mbali nalo. Mvua ikitishia ni lazima afungue mfereji maji yasichanganyike. Ng'ombe wakishuka ni lazima awafukuze. Ulikosa maziko ya rafiki yako wa utotoni kwa sababu ulikuwa zamu na mawingu yalikuwa yametanda, na ulituhadithia hilo bila kujuta, kwa kuwa hata yeye marehemu alikuwa mtu wa chumvi na angekuelewa. Ukadhani mwanao naye yuko zamu. Ukadhani nimekesha mbele ya tanuri, natazama moto, nafukuza ng'ombe.

Tanuri lile halina mlinzi, Baba. Lina kompyuta yake. Unaandika joto la kuanzia, joto la kumalizia, na lishuke digrii ngapi kwa saa, unafunga mlango, unaondoka. Umeme ukikatika kuna betri. Betri ikilegea kuna mwenzangu wa maabara anayekaa ng'ambo ya barabara. Kwa wiki tatu kazi yangu ilikuwa kuchungulia kioo kidogo chenye tarakimu, mara moja kwa siku, na hata hilo ningelifanya kwa simu nikiwa nimeketi kando ya kitanda chako. Toka Nairobi hadi Malindi ni safari ya siku moja. Ningefika Adu kesho yake kabla ya chakula cha jioni.

Nilikupaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Maisha yangu yote nilikuwa nimetamani uielewe kazi yangu. Siku ulipoielewa, ukaielewa kidogo isivyo, na mahali pale pale ulipokosea nikajificha.

Mama anasema ulimpiga Katana marufuku kunipigia simu za kunitisha. Jumapili nikipiga mwenyewe, ulikuwa huniulizi lolote ila joto limefika wapi. Nilikwambia mia tisa na kumi. Jumapili iliyofuata nikakwambia mia saba na hamsini. Siku ya matanga niliingia chumbani mwako kutafuta leso ya Mama, nikaiona kalenda ya kanisa ukutani. Pembeni mwa kila Jumapili mlikuwa na tarakimu kwa mwandiko wa Mama, zikishuka. Ulimwamrisha aandike, naye aliandika bila kujua anaandika nini, alidhani ni hesabu ya dawa. Nilisimama pale mpaka nikaitwa kula.

Nilikuja kukuzika na kuliacha tanuri likiwaka. Nilikaa Adu siku sita. Niliporudi Nairobi nilifungua mlango wake nikaikuta fuwele imeshika, nzima, nyeusi, yenye kung'aa, yenye nyuso bapa kama zile za vijisanduku vyako. Ukubwa wake ni kama ukucha wa kidole cha mwisho. Tukaipoza, umeme ukapita ndani yake bila ukinzani wowote, kama tulivyoomba. Wenzangu walinipongeza, wakanipa na pole, wakasema nimejikaza kisabuni na kwamba baba angejivunia. Ilishika bila mimi, Baba. Siku zote sita sikuwapo, nayo haikujua.

Nikitafuta sababu ya kweli, naipata bila shida. Niliogopa. Wewe ulikuwa mtu niliyemwona akiinua mfuko wa chumvi begani akiwa amesimama kwenye tope. Sikutaka kukuona umekuwa mdogo kiasi cha kubebwa na Katana. Sikutaka kusikia pumzi yako ikihangaika. Nilitaka mtu aniambie nisije. Ukaniambia wewe, kwa upendo, kwa maneno ya kazi yako, na nikayapokea mbio kabla hujabadili nia.

Nilimwambia Mama mwezi uliopita. Alikuwa akichambua mchicha, na alinisikiliza mpaka mwisho bila kuacha. Nilipomaliza alisema, "Hayo usinipe mimi. Mpe mwenyewe." Akanisogezea ungo nimsaidie. Tulichambua mchicha mpaka ukaisha, na hatukuzungumza tena jambo hilo, ingawa jioni alinipakulia samaki upande wenye nyama nyingi, nami nikamla nikilia.

Sasa nafundisha Kilifi. Niliomba kazi pale chuoni baada ya matanga, na watu wakasema Nairobi imenishinda, nikawaacha waseme. Juzi nilisimama darasani na mwanafunzi kutoka Vitengeni, binti mwembamba asiyependa kuongea, akaniomba ruhusa ampigie mama yake simu aseme tulichojifunza, ili ajaribu kama anaweza. Darasa zima likageuka kumsikiliza. Alisema kwamba fuwele ni kitu kilichopewa muda wa kushika, na kwamba ndani yake elektroni imeenea kama chumvi kwenye maji yaliyokolea. Mama mtu akauliza swali, kisha la pili, na la tatu. Nilitoka nje kidogo. Hayo ni maneno yako, yanasemwa na mtu usiyemjua kwa mtu usiyemjua, na ni kwa ajili yao kwamba nataka ukurasa wa mbele usiwe na uongo.

Niliwapelekea watu wa jopo rasimu ya barua hii iwe ndiyo dibaji, nao wamenirudishia. Wamesema kwa upole kwamba sehemu ya tanuri haihusiani na msamiati, na wameuliza kama naweza kuipunguza. Nimewajibu kwamba nitapunguza nyingine yoyote wanayotaka.

Limebaki moja, nalo Katana alilishika kifuani mpaka Pasaka hii ndipo akaniambia. Anasema asubuhi ya mwisho shangazi alifika, akatazama huku na huko chumbani, akauliza mbona Kadzo hayupo. Ulikuwa umeacha kuongea tangu jana yake, wakadhani umekata kauli. Ukafungua macho. Ukasema, "Mwacheni. Anachunga." Hukusema neno lingine baada ya hapo.

Sikuwa nachunga, Baba. Saa ile nilikuwa nyumbani kwangu Nairobi, nimeketi kwenye kochi, begi la safari limefungwa tangu Jumatatu, limewekwa mlangoni, nami nalitazama.

Sikuombi uniambie kwamba si kitu. Nakuomba tu unijue kama nilivyokuwa, si kama ulivyonitetea. Pumzika. Mama hajambo, Katana hajambo, mvua imenyesha vizuri upande wetu.

Mwanao, ambaye angeweza kuja,

Kadzo